Simba Asiye na Sikio

Chumba cha juu ya ghala
9 Februari

Dada Sindano,

Kabla sijakusalimu, kaa chini, maana ukisoma umesimama utaanguka na cherehani. Mdogo wako nimeifanya sanamu ya dhahabu, ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu, ifumbue jicho. Niliingia hekaluni, ikanitazama, ikafumbua. Watu wote mle ndani walikuwa wameinamisha vichwa, kwa hiyo shahidi ni mimi peke yangu, na hilo ndilo tatizo la kuwa na bahati. Karani wa ghala, ambaye ndiye mkalimani wetu, anasema jicho lile liko hivyo hivyo miaka yote. Karani ana wivu.

Haya, shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, uiseme kwa sauti asije akadhani nimemsahau. Macho yake yanaendeleaje? Wewe hujambo? Cherehani bado inakohoa? Mimi mzima kabisa, nimenenepa, na uzuri umenizidi mpaka nataka kuugawa. Wasichana wa duka la chai hapa chini wananicheka kila nikipita, nami nakijua kicheko cha mapenzi.

Safari ilikuwa nzuri kwangu. Tajiri alitapika njia nzima, mtu mwenye maduka mawili ya vipuri vya pikipiki amekumbatia mfuko wa karatasi kama mtoto. Tangu tufike kazi ni ileile: yeye anabishana na wauzaji, mimi naweka beringi sikioni na kuizungusha. Ikilia mchangamchanga, ni feki. Ikiteleza kimya, ni halali. Wauzaji wawili wakiniona sasa wanafunga mapazia. Kontena halijajaa, na halitajaa upesi, kwa hiyo jioni na siku za mapumziko ni zangu.

Sasa la Kaka. Ile picha ninayo, nimeiweka ndani ya kadi ya chanjo isikunjike. Mlingoti wetu amesimama kwenye ngazi ya hekalu, amekonda, pembeni yake simba wa jiwe aliyevunjika sikio, na nyuma ameandika "Niko salama," basi. Hakuna anwani, hakuna mtaa, ni muhuri wa posta wa mji huu tu. Mtu alitoka nyumbani kwenda kuchomelea vyuma, akakosa maziko ya Baba, akanyamaza, halafu anatutumia simba! Nyinyi nyumbani mlidhani hekalu la Kibudha ni moja tu, kama posta: nitashuka, nitauliza, nitaonyeshwa. Dada, yako kila kona! Kuna la kando ya soko la samaki, kuna la nyuma ya kituo cha mafuta, kuna jingine limebanwa katikati ya benki na duka la magodoro. Na karibu kila moja lina simba wake wawili mlangoni, masikio yote manne mazima.

Halafu ni lazima uvue viatu. Mambo ya kutoboka soksi mngeniambia mapema. Nimepiga magoti mbele ya umati wa watu wastaarabu, kidole gumba kimetoka nje kinasalimia.

Mwambie Mama aache wasiwasi. Nilimwapia nitamleta Mlingoti amshike mkono siku ya kupasuliwa macho, na nitamleta hata kwa kumbeba.

Mdogo wako aliyependwa na dhahabu,
Kipaza


Nyumbani
2 Machi

Kipaza,

Marahaba. Mama naye amesema marahaba, akaongeza kwamba ukirudi kwa hiyo sanamu uiombe ikufumbue na wewe.

Hatujambo kiasi. Cherehani imepata mkanda mpya, haikohoi tena, siku hizi inapiga chafya. Nashona sare za shule kuanzia asubuhi, na paka wa jirani ameona kapu langu la vitambaa ndiyo wodi ya wazazi, kazalia humo. Nimemwachia. Soksi nimekuwekea nyingine, ukiona zina rangi mbili tofauti ujue ndizo zilizobaki.

Mama anaendelea vilevile, yaani vibaya. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaniambia kikombe kimesogea. Nikasema ndiyo Mama, kimesogea. Daktari amerudia yale yale: hii presha ya macho haina huruma, kila mwezi unaopita unakata kipande cha kuona, na kilichokatwa hakirudi. Upasuaji ni wa kuokoa kilichobaki tu. Mama anamsikiliza vizuri, anamshukuru, kisha anamwambia, "Mwanangu mkubwa akija." Namjua Mama. Anaogopa kisu, na jina la Kaka ndilo shuka analojifunika.

Ndiyo maana nakuandikia hili ulisome mara mbili. Ukimwona Kaka, usimpige porojo. Usimtishe, usimpambie. Mwambie Mama anaingia gizani na anataka mkono wake. Hayo yanatosha, na ni ya kweli. Kisha umwache aseme mpaka amalize. Wewe masikio yako ni ya beringi, watu huwasikilizi. Kipaza kina mdomo tu, hakina sikio, tangu utotoni nakwambia.

Na uache kuwasumbua wasichana wa chai. Wanacheka suruali.

Dada yako


Chumba cha juu ya ghala
24 Machi

Dada wa sindano kali,

Shikamoo, na Mama shikamoo, na paka na wanawe wote. Soksi zimefika. Moja ya kijani, moja nyeupe ya maharusi. Sasa nikivua viatu watu wanasahau kusali.

Suruali yangu haina tatizo lolote.

Keti tena. NIMEMPATA.

Lakini sitakuambia haraka, kwa sababu mimi nimetafuta wiki ngapi, na wewe hebu tafuta mistari michache. Nimeingia mahekalu mpaka Karani ananiita mtawa. Kuna moja lina bwawa la kobe, ukifika kobe wote wanatoa shingo kukuangalia kama mashangazi. Kuna moja ndani lina vioo ukuta mzima, nikakaa humo muda mrefu, si kwa ibada. Moja waliniambia nikae chini, nifumbe macho, nitazame pumzi yangu ikiingia na kutoka. Dada, mimi? Pumzi ya kwanza nikawaza kontena. Ya pili nikawaza muwasho wa mgongo. Ya tatu nikafumbua jicho moja nione kama wenzangu nao wanachungulia, nikakuta kitawa kizee kinanitazama, kikacheka mpaka mabega yakaruka. Nikatoka. Siwezi mahali ambapo mtu anakushinda kwa kukaa.

Sasa. Kuna mtaa hapa wa watu wanaoviringisha matairi yaliyochakaa na kuyavika mpira mpya. Kutwa moshi na nyundo. Nilikwenda huko na Tajiri kuangalia tyubu, nikaona nyuma ya karakana ya mwisho ngazi inapanda. Mwanzo wa ngazi, simba. Sikio la kushoto halipo. Nikamshika palepale penye kidonda, jiwe limelainika kama sabuni, watu wengi wamemshika hapo. Nikasikia ufagio juu. Nikapanda. Mtu amenipa mgongo, mrefu, shati jeupe lisilo na kola, anafagia majani kwa ule mtindo wa kulalia upande mmoja. Mgongo ule nimepigwa mara ngapi utotoni nikiufuata?

Nikasema kwa lugha yetu, "Mlingoti, umeruka pale kwenye kona."

Hakugeuka. Akasema, "Kipaza, ungekuwa wewe ndiye umeshika ufagio, kona yote ingekuwa hadithi."

Kisha akageuka, na ufagio ukabaki katikati yetu, hatukujua nani auweke chini.

Amekonda lakini si mgonjwa. Anafagia, anachota maji, na mageti yote ya pale amechomelea yeye, mazuri, utadhani ya ikulu. Swali lake la kwanza lilikuwa Mama. Nikamwambia vile vile ulivyoniagiza: anaingia gizani, anataka mkono wako. Alifagia jani lilelile mara tatu.

"Mwambie aende kwa daktari," akasema.

"Haendi bila wewe."

"Kipaza, sijui nikwambieje. Nikirudi Mama atalia, nami nitabaki. Nitachomelea mageti ya watu mpaka nizeeke, na usiku nitakuwa natazama dari kama nilivyokuwa natazama tangu Baba afariki. Hapa nalala. Nimeomba wanipokee niwe mmoja wao. Ila kuna swali moja wanalouliza, na mimi bado sijapata la kujibu."

Mtu akianza mafumbo mimi huwa naaga. Nikamwambia nitarudi Jumapili. Akacheka, akanishika kichwa kama zamani.

Kwa hiyo hajakataa. Hajakubali, lakini hajakataa. Mwambie Mama atayarishe uso wa kutazamwa. Kumng'oa mtu kama Mlingoti kunahitaji mbinu, na mbinu ninazo.

Bingwa wa masikio ya mawe,
Kipaza


Nyumbani
15 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikutanii. Nilimsomea Mama barua yako ya kumpata Kaka, akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema rudia pale alipoongea kuhusu kona. Nimerudia mpaka karatasi imelegea. Kisha akainuka, akashika ukuta mpaka chumba cha Kaka, akaanza kutoa maboksi yangu ya vitambaa nje. Hanisikilizi. Anasema mtoto hawezi kulala na maboksi.

Tumefika kwa daktari. Mama amekubali tarehe! Mwanzo wa Juni. Amesema, "Wakati huo mwanangu atakuwa amefika," na daktari akaandika kabla hajabadilisha.

Nakutumia shati. Nimelishona kwa kukisia, mikono mirefu, kwa sababu sijui amebaki na mwili gani. Na ndani ya shati kuna barua ya Mama. Alinitajia maneno nikaandika, sikuongeza kitu, hata pale nilipotaka. Nakuandikia na wewe uyajue, kwa sababu sitaki uiweke mfukoni ukasahau:

"Mwanangu Mlingoti. Sina hasira na wewe. Baba yako pia hakuwa nayo, alikufa akiuliza umekula nini huko. Njoo nikuone kidogo kabla ya kisu. Halafu ukitaka kurudi huko uliko, rudi, mimi sitakuzuia. Ila njoo uniage vizuri. Mama."

Alipomaliza akaniuliza kama ni fupi mno. Nikasema inatosha.

Mpe mkononi. Na hizo mbinu zako, Kipaza, nakuomba uzirudishe ulikozitoa. Swali gani hilo alilosema? Kwa nini hukumuuliza?

Dada yako


Chumba cha juu ya ghala
6 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo, Mama shikamoo. Mko salama? Mvua? Vitoto vya paka vimefumbua macho? Mimi salama tu. Tajiri hajambo, kasoro tumbo. Kontena limejaa nusu, halafu mwenye pistoni akaleta za ukubwa mwingine, tukazirudisha zote, kelele za siku hiyo ungezisikia huko.

Shati limefika. Ni zuri sana. Mikono umepatia. Barua ya Mama iko mahali salama.

Nimefanya kazi kubwa, Dada, na siku moja mtanishukuru nyote kwa foleni. Usiniulize mbinu. Nilimwambia jambo moja tu. Akakaa chini palepale kwenye ngazi, ufagio ukaviringika mpaka kwa simba. Sikuwahi kumwona Kaka akilia. Unajua analia bila sauti? Kisha akaniambia, "Asante kwa kuja kuniambia mwenyewe," akainuka, akaingia chumbani kwa mzee mkuu wa hekalu. Nilimngoja nje mpaka kivuli cha simba kikahama ngazi. Anaaga, nadhani. Mtu hawezi kuondoka mahali alipokaa miaka bila kuaga.

Kwa hiyo tusimharakishe. Mimi mwenyewe simsumbui, sijaenda huko siku kadhaa. Badala yake nimezunguka kweli. Nimeona hekalu lililochongwa ndani ya mwamba, ukiingia jasho linakauka mara moja. Nimeona sanamu imelala ubavu, nyayo zake peke yake ni ndefu kuliko gari la Tajiri, na kwenye nyayo kuna michoro, nami nikazunguka mara nyingi nikiitafuta sehemu ya kucheka sikuipata. Nimeona jingine dogo kama kibanda cha tiketi, ndani mzee mmoja na mshumaa. Nikitoka kazini sipandi chumbani, natembea. Chumba kimekuwa kidogo, sijui wamesogeza ukuta. Karani ananiuliza natafuta nini tena wakati kaka nimeshampata. Nikamwambia mimi mtalii.

Wasichana wa chai wanasema nimepungua. Uongo huo.

Kipaza


Nyumbani
30 Mei

Kipaza,

Marahaba.

Hali ya nyumbani: chumba kimedekiwa, kitanda kimetandikwa, kimetandikuliwa kwa sababu shuka lilikuwa na kiraka, kimetandikwa tena. Mama anakaa dirishani. Haoni barabara, lakini akisikia viatu anauliza, "Mrefu?" Namjibu hapana. Jana ilipita miguu ya mtu anayetembea kwa kulalia upande, nikaona shingo yake ikinyooka kabla hajauliza. Alikuwa muuza mkaa.

Barua yako nimeisoma ikanitia baridi. Kurasa nne! Nyayo za sanamu umezieleza mpaka mistari yake. Kaka umempa mistari michache, halafu ukakimbilia kwenye mwamba. Mama nimemsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtoto huyu akiandika sana, kuna kitu amevunja."

Sasa nijibu, bila sanamu. Kaka anakuja lini? Shati limemtosha? Hukusema limemtosha, umesema ni zuri. Barua ya Mama iko mahali salama wapi, kama si mkononi mwake? Na ni jambo gani hilo ulilomwambia likamwangusha ufagio? Mtu haambiwi "Mama anataka kukuona" akalia akashukuru aliyemletea.

Tarehe ya daktari ni wiki ijayo. Mama amesema kama Kaka hajafika hatakwenda. Nimemlilia, nimemgombeza, nimetishia kuuza cherehani. Anasema, "Kipaza aliniapia." Hayo ndiyo yote anayosema.

Mimi nilishakwambia uongee kweli mbili tatu tu na ufunge mdomo. Umefanya nini?

Dada yako


Chumba cha juu ya ghala
27 Juni

Dada,

Shikamoo.

Mpeleke Mama kwa daktari. Tarehe najua imepita, omba nyingine, piga magoti kama ni lazima. Mshike mkono wewe. Asimngoje Kaka. Mwambie mimi Kipaza ndiye niliyesema asingoje, na kile kiapo namwomba anirudishie. Ukishamfikisha kwa daktari ndipo uendelee kusoma. Najua hutafanya hivyo. Basi ukisoma, usimsomee yeye, mpaka utakapoona mwenyewe namna ya kumwambia.

Barua yako ya mwisho ilinikuta mlangoni naondoka, nimevaa vizuri, na begi jipya mkononi. Begi lilikuwa la Kaka. Ndani niliweka shati lako. Karani alikuwa ameniambia kuna shughuli ya kaka yangu hekaluni asubuhi ile, watu wamealikwa. Nikafurahi, nikasema ni ya kumuaga. Hata Tajiri nilimwambia anitafutie nafasi ya mtu mmoja zaidi. Barua nikaisoma njiani nikitembea, na nilipofika kwa simba nilikuwa tayari najisikia vibaya.

Bibi anayetunza viatu langoni alinishika mkono kwa mikono miwili. Hajawahi. Nilimwona analia na kutabasamu kwa pamoja, nikajiambia wanampenda kweli, watamkosa.

Ukumbi umejaa. Watawa wamekaa mbele kwa mistari, kimya kile kile kinachonishinda. Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia mtu mrefu. Dada, kichwa kilikuwa kimenyolewa, na nyusi pia. Nilimjua kwa kule kulalia upande. Nikamwuliza Karani, "Wanaaga hivi?" Karani akanitazama kama mtu anayetazama beringi feki. Akasema, "Hawamwagi. Wanampokea."

Wakaanza kumwuliza maswali. Karani ananinong'oneza. Je, una ugonjwa wa kuambukiza? Hapana. Je, wewe ni binadamu? Ndiyo. Siku nyingine hilo ningelicheka mpaka nitolewe nje. Je, wewe ni mtu huru? Ndiyo. Maneno yalikuwa ya kukariri, ya lugha ya zamani, yanaimbwa. Halafu mzee mkuu akaacha kuimba. Akainama kidogo, akamwuliza kwa lugha ya kawaida, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Karani akaninong'oneza, "Anauliza, baba na mama yako wamekuruhusu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, Dada. Lile ambalo sikumuuliza.

Baadaye Karani alinieleza yote aliyoyasikia kwa mzee mkuu, na heri asingenieleza. Hawampokei mtu ambaye wazazi wake wako hai na hawajamruhusu. Kaka alikuwa amekwama hapo miaka yote hiyo, anaandika barua ya kumwomba Mama, anaichana. Mzee akamwambia barua haifai, aende nyumbani akaombe ana kwa ana. Na Kaka alikuwa amekubali. Nilipomkuta na ufagio alikuwa ameshakubali, anatafuta tu moyo wa kufunga mzigo. Ile Jumapili nilirudi nikaongea mimi tu; angeniambia, kama ningemwacha aseme. Angekuja, Dada. Angekuja kwa miguu yake, angemshika Mama mkono mbele ya daktari, angemwomba, na Mama angempa, maana alikuwa ameshampa. Barua yake nilikuwa nayo mfukoni. "Ukitaka kurudi, rudi, mimi sitakuzuia." Niliposoma maneno hayo nilisema ni laini mno, hayamng'oi Mlingoti, yatamfanya azidi kukaa. Nikatafuta ya kwangu, yenye nguvu. Nikasema mtu akisikia hivi atapanda ndege ya kwanza akalie kaburini, na akifika atamkuta Mama mlangoni, na sote tutacheka, na mimi nitasamehewa kwa sababu atakuwa amefika. Nilidhani nikifanya hivyo nitakuwa nimemaliza kazi.

Kaka alimjibu mzee bila kugeuka nyuma. Akasema baba yangu alifariki, sikumzika. Na mama yangu naye amefariki, mwaka huu. Karani hakuhitaji kunitafsiria.

Mzee akafumba macho kidogo. Kisha mtawa mwingine akawatangazia wenzake, na Karani akanitafsiria: anayekubali apokelewe anyamaze, asiyekubali aseme. Akarudia. Akarudia tena. Ule ulikuwa wito kwa watawa wenyewe, si kwangu mimi mwenye soksi moja ya maharusi mstari wa nyuma. Lakini mdomo ninao. Huo mdomo ambao mtaa mzima huko nyumbani unausikia nikiomba maji ya kunywa. Nilikuwa naweza kusema neno moja tu, kwa lugha yetu, Kaka angegeuka.

Kimya kilikuwa kirefu. Nilisikia nyundo za matairi kule chini. Wakampa nguo ya utawa.

Alipotoka alinipita karibu. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kila asubuhi atakayopita na bakuli kupokea chakula cha watu, kheri ya siku hiyo atampelekea Mama kule aliko.

Dada, anapita kweli. Kila asubuhi anapita mtaa wa matairi na bakuli, miguu mitupu, na mimi nasimama nyuma ya rundo la matairi namtazama. Nimefanya hivyo tangu siku ile. Usiku siwezi kulala, na mchana Tajiri amelalamika, nimepitisha boksi zima la beringi mbovu, sikuzisikia. Karani anasema mtu aliyepokelewa anaweza kuruhusiwa kwenda kumuuguza mzazi, anaweza hata kuvua nguo ile akitaka, hakuna anayemfunga. Kesho nitatoka nyuma ya matairi. Nitaweka barua ya Mama ndani ya bakuli, na shati juu yake, kisha nitanyamaza na kumwacha aseme mpaka amalize, hata kama ni maneno ambayo sitaki kuyasikia. Sijui atafanya nini. Atakachofanya nitakuandikia kama kilivyo.

Lakini wewe lazima uwe umelisikia hili kutoka kwangu kabla ya yeye kukuandikia. Kaka hakumdanganya mtu yeyote mle ukumbini. Alisema alichoambiwa na ndugu yake. Siku ile bahasha yenu ilipofika, na shati likiwa bado lina harufu ya nyumbani, nilipanda ngazi, nikasimama kando ya simba, nikamwambia Mama amekufa.

Mdogo wako